TV nzima zinaletwa kwangu kama mbovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linaloniumiza karibu kila wiki nikiwa kwenye meza yangu ya kazi. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Mwanza. Kazi hii niliianza mwaka 1994, kijana wa kushika tochi wakati fundi wangu anachomelea. Nimetengeneza TV za chogo mpaka zikaadimika mitaani, nikahamia kwenye flati, na siku hizi sehemu kubwa ya rafu yangu ni TV janja. Hizi za mwisho ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba. Alishuka kwenye bajaji amekumbatia TV ya inchi 40 iliyofungwa kanga mbili, moja mbele moja nyuma, na rimoti yake imo ndani ya mfuko wa nailoni uliokazwa kwa mpira. Kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akaniambia, "Fundi, baba yangu, hii imekufa upande mmoja."

Nikaichomeka. Taa nyekundu ikawaka, picha ikaja, rangi zimetulia, sauti haikwaruzi. Nikajaribu matundu yote ya nyuma, yote mazima. Ndipo akachukua rimoti akanionyesha upande uliokufa: akabonyeza programu ya video, ile ambayo wajukuu wake walizoea kuangalia katuni, na yeye mwenyewe kusikiliza kwaya siku za Jumapili ambazo magoti hayamruhusu kufika kanisani. Kioo kikawa cheusi, kikakaa hivyo kama sekunde tano, kisha yakatokea maandishi ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba programu hiyo haipatikani tena kwenye kifaa hiki.

TV ile aliinunua 2016 kwa fedha za upatu, zamu yake ilipofika. Karatasi iliyobandikwa nyuma inasema ilitengenezwa 2015. Na kabla ya kuja kwangu alikuwa amepita kwa fundi mwingine, akaambiwa bodi imeungua, atafute shilingi 120,000. Alikuwa ameshaanza kuzitafuta.

Mheshimiwa Mhariri, bodi ile haikuwa imeungua. Nimeipima mwenyewe. Na hata angebadilishiwa bodi ya aina ileile, maandishi yale yale yangerudi.

Wasomaji wengi hawajaelezwa kwamba TV janja ni vitu viwili ndani ya ganda moja. Kuna kioo na spika, halafu kuna kompyuta ndogo. Kioo kikipata umeme usioruka ruka kinaweza kukaa miaka kumi na zaidi. Taa zake za ndani zikichoka ninazibadilisha, na TV inarudi sebuleni. Ile kompyuta ndogo inategemea watu walio mbali waendelee kuihudumia: mtengenezaji wa TV aitumie matoleo mapya, na mwenye programu akubali kuendelea kuzungumza na toleo la zamani. Mmoja wao akiamua kuacha, programu inazimika, na hapa Mwanza hakuna bisibisi ya kuifikia.

Na wameacha mara nyingi. Aprili 2015 YouTube walifunga njia ya zamani ambayo programu yao ilikuwa inapitia kuchukua video, na TV nyingi zilizotengenezwa 2012 kurudi nyuma zikaikosa. Fikiria mtu aliyenunua TV mpya 2012, tena wakati ule zilikuwa ghali kwelikweli. Alipata miaka mitatu. Tarehe 1 Desemba 2019 Netflix nao waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Sababu za kiufundi zipo, sizikatai. Programu za leo ni nzito, na TV ya zamani ina kumbukumbu ndogo kuliko simu ya bei ya chini unayoiona dukani.

Lakini kuna sababu nyingine isiyohusu uzito hata kidogo, nayo ni vyeti. TV inapotaka kuingia kwenye intaneti, kwanza inahakikisha kwamba inayezungumza naye ni yeye kweli. Inafanya hivyo kwa kutazama vyeti vya kidijitali, na kila cheti kina siku yake ya kwisha. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha cheti kimoja cha mzizi, yaani cheti kikuu kinachothibitisha vyeti vingine, ambacho tovuti nyingi sana duniani zilikitegemea, zile zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure. Vifaa vilivyokuwa vinapokea matoleo mapya havikusikia chochote. Vilivyokuwa vimeachwa, asubuhi yake vikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake vilizifungua.

Kisha Machi 2025 ikatokea hili, nami nililifuatilia kwa makini. Chromecast za kizazi cha pili, vile vijidude vya kuchomeka nyuma ya TV vilivyotoka 2015, viligoma dunia nzima kwa wakati mmoja. Cheti kilikuwa kimetimiza miaka kumi. Watu walipiga kelele, na ndani ya siku chache Google wakatuma marekebisho, vikaamka. Kifaa cha miaka kumi! Tangu siku hiyo sikubali tena mtu kuniambia kwamba kifaa cha zamani hakiwezi kusaidiwa. Kinasaidiwa pale mwenye kiwanda anapotaka.

Kwa kuwa nimetaja vyeti, nawaomba wasomaji wajaribu jambo moja kabla ya kumlipa fundi yeyote, nikiwemo mimi. Angalieni tarehe ya TV. Umeme ukikatika, baadhi ya TV na visanduku vya intaneti vya kuchomeka kwenye TV husahau siku, vikarudi mwaka 1970. Kifaa kinachoamini kwamba leo ni 1970 kitaona kila cheti bado hakijaanza kutumika, nacho kitakataa kila kitu. Nendeni kwenye mipangilio, wekeni tarehe na saa sahihi, zimeni, washeni tena. Nimewarudishia watu TV zao kwa kufanya hilo tu, na sikuwadai. Halafu tafuteni kama kuna toleo jipya la mfumo. Ila msikimbilie kuifuta TV yote ianze upya kama ilivyotoka kiwandani. TV ya zamani ukiifuta, programu iliyokuwa imebaki inaweza isipatikane tena kupakuliwa, ukapoteza hata kile kidogo ulichokuwa nacho.

Sasa nieleze kinachonikera zaidi, nacho ni ukimya.

Sisi wa umri wangu tunakumbuka kuzimwa kwa analojia. Dar es Salaam walianza usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Watu walilalamika, ving'amuzi vilikuwa bei juu, mimi mwenyewe nilibishana na wateja waliodhani nimewaharibia antena. Lakini tarehe ilitangazwa. Redioni ilisemwa, magazetini iliandikwa. Na ukishanunua king'amuzi, TV yako ileile ya chogo iliendelea kuonyesha. Ninazo mbili hapa dukani zinazoonyesha mpaka leo. TV janja inazimwa upande wake mmoja bila tangazo, nyumba moja baada ya nyingine, na kila mwenye nyumba anadhani ni yake peke yake iliyoharibika. Mama wa Kirumba aliniuliza kama ni wajukuu waliobonyeza vibaya. Alikuwa ameshamchapa mmoja.

Nenda leo Makoroboi au Kariakoo ukaulizie TV. Muuzaji atakutajia inchi, atakuonyesha picha ya maua na kasuku, atakuambia waranti ni mwaka mmoja. Muulize programu hizi zitafanya kazi mpaka mwaka gani. Atakutazama kama umeuliza habari za mwezini, na simlaumu, maana boksi lenyewe halisemi. Kwenye TV za mtumba ni hatari zaidi. Mtu ananunua mwaka huu akidhani ana kitu kipya, kumbe karatasi ya nyuma inasema 2014. Igeuzeni TV muisome hiyo karatasi kabla ya kutoa fedha.

Tatizo hili si letu peke yetu. Novemba 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitoa ripoti baada ya kuchunguza bidhaa 184 zinazounganishwa na intaneti, ikakuta karibu asilimia 89 hazikueleza kwenye kurasa zake zitahudumiwa kwa muda gani. Uingereza wameanza kuchukua hatua: tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria yao inamtaka mtengenezaji aseme waziwazi ni kwa muda gani, kwa uchache, atakuwa anatuma marekebisho ya usalama. Sheria hiyo haisemi muda uwe mrefu kiasi gani, wala haigusi programu za video, lakini angalau mnunuzi anapata kitu cha kusoma. Samsung wenyewe wametangaza miaka saba ya matoleo mapya ya mfumo kwa TV zao kuanzia za 2024 na baadhi za 2023, na LG wametangaza miaka mitano kwa baadhi ya zao. Kumbe inawezekana kusema mwaka. Basi na usemwe hapa kwetu, kwenye boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Ombi hilo nalielekeza kwa Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango. TV zinaingia nchini kwa makontena, na waagizaji wanajulikana. Mwagizaji aandike mambo mawili: mwaka TV ilipotengenezwa, na mwaka ambao mtengenezaji ameahidi kuihudumia. Kama mtengenezaji hakuahidi chochote, iandikwe hivyohivyo. Mnunuzi atachagua. Pengine atanunua TV ya kawaida isiyo janja kwa bei ndogo, aongezee kisanduku baadaye.

Na hapo kwenye visanduku naomba nitoe tahadhari, kwa sababu ndiko mtu anakokimbilia programu zikizimika. Kisanduku au kijiti kizuri, chenye kibali cha kampuni yenye mfumo unaokiendesha, kama Google, kinaifufua TV yoyote yenye tundu la HDMI, nami ninavipendekeza. Lakini vipo vya bei ya chini visivyo na kibali chochote. Juni 2025 FBI la Marekani lilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, ulioingia kwenye mamilioni ya vifaa vya majumbani, vikiwemo visanduku vya TV. Vingine vilikuwa na ugonjwa tangu kabla havijafika dukani. Mwezi uliofuata Google walifungua kesi wakasema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni kumi. Intaneti ya nyumbani kwako inatumiwa na watu usiowajua, na bando linaliwa usiku umelala. Kisanduku kikikutaka uzime ulinzi wa Google Play, duka la programu la Google, ndipo kifanye kazi, kirudishe dukani siku hiyohiyo.

Kwa mafundi wenzangu nina neno pia, na nalisema kwa uchungu. Tunajua tofauti ya bodi iliyoungua na programu iliyofungwa. Ukiona maandishi yale kwenye kioo, unajua. Kumwambia mteja bodi imekufa, ukampigia hesabu ya laki na ishirini, ni kumwibia mtu aliyekuamini kwa sababu hakusoma ulichosoma wewe. Mwambie ukweli, mtoze fedha ya kuangalia kama utaratibu wako ni huo, mwandikie kwenye karatasi kijiti cha kununua na bei yake.

Mama yule nilimweleza kila kitu hiki kwa maneno mepesi. Alisikiliza mikono kifuani. Akauliza, "Kwa hiyo TV yangu ni nzima?" Nikamwambia ni nzima, mama, itakuzika bado inawaka. Akacheka, akasema heri hivyo. Kijiti chenye kibali nilimtafutia kwa mtu ninayemwamini, tukakichomeka pale pale mezani, nikaweka tarehe, nikatafuta kwaya yake. Mpaka nafunga duka jioni ile alikuwa amelipa nusu ya bei ya kijiti, na nusu iliyobaki tulikubaliana ataleta dagaa wakianza kutoka.

Kanga zake mbili aliziacha kwangu kwa bahati mbaya. Nimezikunja nikaziweka kwenye droo, na jana nilimtumia ujumbe azifuate akipita. Pamoja nazo nimemwekea karatasi ndogo ya kubandika nyuma ya TV. Nimeandika mwaka ilipotengenezwa, mwaka programu ilipozimwa, na jina la kijiti, ili fundi mwingine akiifungua siku moja asimdanganye tena.

Wako,

Fundi wa redio na TV,
Mwanza