Asili ya injini za Mallet isisahauliwe

Kwa Mhariri,

Masimulizi ya reli yetu ya Kisumu huwataja Waingereza peke yao, ilhali injini za mvuke za Mallet zilizowahi kuvuta mizigo huku zilitokana na ubunifu uliojaribiwa Ufaransa mwaka 1876, katika reli ya Bayonne na Biarritz. Mhandisi Anatole Mallet aliuingiza mvuke katika silinda ndogo, kisha, badala ya kuutoa nje ungali na nguvu, akauelekeza katika silinda kubwa zaidi ufanye kazi mara ya pili, na hivyo makaa yakaokolewa. Mwaka 1905 mhandisi Gaston du Bousquet aliitumia kanuni hiyo, kwa ustadi wa kupendeza mno, katika injini za Nord, kampuni ya reli ya kaskazini mwa Ufaransa, za kuvuta treni nzito za makaa ya mawe. Naomba mafundi hao watajwe.

Msomaji,
Nakuru