Kumng'oa dhalimu kwa bunduki

Mhariri,

Juzi hapa Mkunguni, Lamu, kahawa chungu ikizunguka, wazee walibishana kama ni halali dhalimu kung'olewa kwa bunduki. Mfano ukawa Idi Amin, dikteta wa Uganda. Mimi vita vile sivilaumu: yeye ndiye aliyevamia Kagera, Tanzania, mwaka 1978, na wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoingia Kampala Aprili 1979, alikwisha ua watu wengi mno.

Lakini shangwe ilidumu kwa muda gani? Mwaka 1981 Waganda walirudi msituni kupigana wenyewe kwa wenyewe, na eneo la Luweero huko Uganda likajaa mafuvu. Basi anayeshika silaha atwambie mapema: akishashinda, nani atampokonya silaha hiyo? Mzee mmoja alinijibu kuwa hayo ni ya baadaye. Sikubaliani naye hata chembe.

Msomaji wako,
Lamu