Barua kwa shoga yangu wa Mayungu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Makongeni. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kipande chako, kile kitambulisho cha taifa, kimelala sandukuni chini ya kanga tangu ukipokee, roho iliniuma.

Mumeo ahofia kwamba mkijiandikisha kupiga kura, atatokea mtu wa kuwaambia ninyi Wapemba rudini Tanzania. Hofu hiyo naijua. Wazee wetu Wamakonde walitoka Msumbiji kuja Kenya kukata mkonge na miwa. Sisi tumezaliwa papa hapa Kwale, na bado tukisikia askari waja, twaingia kichakani. Oktoba 2016 tulipokwenda Nairobi kwa miguu kudai vipande, nilivimba nyayo hata viatu nikavivua. Tarehe 8 Agosti 2017 nikapiga kura, karatasi sita. Mama hakuiona siku ile. Alizaliwa Msambweni, akazikwa Msambweni, hakupiga kura hata moja.

Na nikwambie kilichobadilika. Zamani wagombea walitupita tu, wakielekea kwenye watu wenye kura. Mwaka ule walikuja wakakaa mikekani petu, wakauliza habari za maji. Si yote waliyoahidi yametimia, lakini sasa tuna wa kumdai.

Ninyi Wapemba mmetambuliwa kuwa raia wa Kenya tangu Julai 2023. Waume zenu wamevua miaka mingi wakiwakimbia maaskari kwa kukosa leseni, na leseni haikupatikana kwa sababu kipande hakikuwapo. Sasa kipande unacho. Mambo ya uvuvi mengi yako kwa kaunti, kwa hiyo gavana na mwakilishi wadi wakichaguliwa bila ninyi, soko la samaki watalipanga bila ninyi.

Mwambie mumeo Katiba, kifungu cha 38, humpa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa, haimuulizi kabila. Na kura ni ya siri. Nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge lenu na kipande chako. Watachukua alama za vidole na picha, na hulipi hata shilingi. Usingoje Agosti 2027 ikaribie, maana daftari hufungwa mapema.

Arusini kwa mdogo wako nitakuja siku mbili kabla. Asubuhi ya kwanza twende pamoja, na mama mkwe wako tumchukue, maana najua kipande chake nacho kimo sandukuni.

Shoga yako wa Makongeni