Ritifaa ya ng'ombe na herufi ya Mindoro

Ndugu Mhariri,

Nina duka la steshenari hapa Singida. Nachapa barua, risala za harusi na matangazo ya minada. Mwezi uliopita mzee mmoja mfugaji aliniletea tangazo lake kwenye flashi, nikatoa nakala mia mbili bila kulisoma. Jioni akarudi na karatasi moja mkononi. Palipotakiwa kuwa na ng'ombe pameandikwa ngâ€™ombe. “Mwanangu,” akaniuliza, “huyu ni mnyama gani?” Karatasi nikalipia mwenyewe.

Nawaandikia kwa sababu mnyama huyohuyo nimemwona mara mbili kwenye toleo lenu la mtandaoni. Kosa ni la ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng'. Ile iliyojikunja, ambayo kompyuta huiweka yenyewe, huhifadhiwa kwa baiti tatu (baiti ni kipande kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta) katika UTF-8, mpango wa kuhifadhi herufi, na programu isiyojua mpango huo huzisoma moja moja, ikatoa wadudu watatu. Kwenye simu ni hasara kabisa: meseji inayobeba herufi 160 hushuka hadi 70 mara ritifaa hiyo ikiingia. Tangazo la herufi mia moja unatozwa meseji mbili, kisa ng'ombe.

Usiku ule nikakaa napekua orodha ya Yunikodi, yaani daftari la namba za herufi za dunia nzima, nikitafuta ritifaa yangu. Nikajikuta kwenye ukurasa wa Kibuhid. Wabuhid ni watu wa milimani katika kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, na wana maandishi yao wenyewe ya asili. Yaliingizwa kwenye daftari hilo mwaka 2002: herufi 18 na alama mbili za irabu, basi. Ya sita katika herufi hizo ni hii: ᝅ. Msomaji akiona kisanduku kitupu asishangae, hata mimi nilianza na visanduku mpaka nilipopakua fonti ya Noto Sans Buhid, ya bure. Namba bila fonti ni sawa na anwani ya nyumba ambayo haijajengwa.

Herufi hiyo hutamkwa nga, lakini si nga ya ngazi; ni ile ya ng'ambo. Sauti tunayoiandika kwa alama tatu, ya tatu ikiwa ritifaa ya kuazima, wao wanaiandika kwa herufi moja yenye namba yake, U+1745. Niliona wivu, sikatai.

Nikajaribu kumwandika ng'ombe kwa herufi zao. Alama moja inabeba o na u, nyingine e na i, na konsonanti inayofunga silabi kwa desturi haiandikwi, kwa hiyo m ikadondoka: ᝅᝓᝊᝒ. Mbuhid angesoma ng'ubi au ng'obe, ajuavyo yeye. Na kila alama yao ni baiti tatu, kwa hiyo ng'ombe huyo anakula baiti 12, wakati wangu mwenye ritifaa iliyonyooka anakula saba tu. Hapo wivu ukapungua kidogo.

Sidai Kiswahili kipewe herufi mpya. Tumeshazoea hii tuliyonayo. Ninachoomba ni chumba chenu cha habari kichague ritifaa moja, na kwa maoni yangu iwe iliyonyooka, kisha mzime ule utaratibu wa kompyuta kuikunja, maana leo ukitafuta ng'ombe kwenye tovuti yenu unapata nusu ya habari, nusu nyingine imejificha nyuma ya ritifaa ya aina ya pili. Mkishindwa, basi wahariri wenu wa mtandaoni wahakikishe kila kitu kinahifadhiwa na kusomwa kwa UTF-8, ili angalau wale wadudu watatu wasirudi.

Mzee wangu ana mnada mwingine mwezi ujao. Amesema safari hii atasimama nyuma ya kiti changu nikichapa.

Mwenye steshenari,
Singida