Mjomba, dhahabu ya Kilwa nimeiona

Mjomba, shikamoo.

Ningekupigia, lakini ukishavuka kwenda Kilwa Kisiwani na watalii wako hupatikani, na ukirudi Kilwa Masoko jioni umechoka, unaitikia "mm" na "haya" tu. Halafu hili si jambo la kuambiana sisi wawili. Wapo vijana wengine wanaotembeza wageni magofuni, nao walisome.

Nilikwenda Lisbon. Usishtuke, sijapata utajiri. Tulikuwa watatu, tiketi za ndege za bei ya kutupa, kila mtu na begi moja mgongoni: mimi, Mmombasa ninayesoma naye, na Mkongo wa Bukavu anayeishi Brussels. Kiswahili chetu ni kichekesho. Mkongo akiuliza "tunaenda fasi gani?" Mmombasa anashika kichwa, na wote wawili wananiambia mimi nasema kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tulilala kwenye hosteli ya vitanda vya kupandana, watu wanane chumba kimoja, ghorofa ya tano, na lifti ilikuwa mbovu tangu tulipofika hadi tunaondoka. Ubavu wa begi langu ulifumuka siku ya kwanza nikaushona kwa uzi wa kusafishia meno.

Mji wenyewe ni vilima. Wenyeji husema saba, miguu yangu ilihesabu zaidi. Njia za waendao kwa miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinateleza kama sabuni. Kuna mtaa uitwao Alfama, chini ya ngome, vichochoro vyake vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mabegi hawapishani, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Jina hilo ni la Kiarabu, lina maana ya chemchemi za maji moto. Waislamu waliutawala mji huo mpaka mwaka 1147. Mmombasa alisimama katikati ya kichochoro akasema, "Hapa ni kwetu, Mji wa Kale." Sikubishana naye.

Ilikuwa Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Mjomba, moshi wa samaki! Kila mlango una jiko la mkaa, dagaa wakubwa wanachomwa na chumvi ya mawe, wanawekwa juu ya kipande cha mkate. Ungewaona wazee wanavyopepea mkaa kwa kipande cha boksi ungedhani uko sokoni Masoko. Juu ya mtaa bendera za karatasi za kila rangi, nao wanaziita *bandeira*. Nikaagiza kwa kuonyesha kidole, mama mwenye jiko akatuelekeza *mesa*, tukakaa mezani. Wanauza pia vijungu vidogo vya mrehani, kila kimoja kimechomekwa ua la karatasi na kibendera chenye beti fupi ya mapenzi. Mmombasa alicheka mpaka akakohoa: "Leso hiyo, na jina lake!" Jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye leso. Na leso lenyewe ni neno lao, *lenço*, kitambaa cha mkononi. Mkongo, ambaye hana ndoa na pwani, alikunywa mvinyo wake kimya kimya na kutuacha tuhesabu maneno.

Lakini neno lililonikaa ni jingine. Kanisa wanaliita *igreja*. Litamke haraka, Mjomba. Ndilo Gereza lako, lile jengo la ufukweni unapowamalizia wageni ziara. Nimelisikia tangu utotoni, sikuwahi kuwaza kwamba nilikuwa nasema kanisa.

Mtaa wa Belém sitakuchosha nao. Tulipanda tramu namba 15, tukapanga foleni juani kuingia ile nyumba kubwa ya watawa, Jerónimos. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na mfalme Manuel wa Kwanza aliulipia kwa kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki, asilimia 5. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, kalala Vasco da Gama ndani ya jiwe, mikono imekutanishwa kama mtu mwema. Alifia India mwaka 1524, mifupa ikaletwa Ureno baadaye, na hapo ilipo iliwekwa mwaka 1880. Watu wanapiga picha naye. Mmombasa alimtazama akasema, "Huyu alipita kwetu mwaka 1498, hakutakiwa, akaenda zake Malindi." Basi, tukatoka.

Nilichokifuata mimi kilikuwa mahali pengine, kwenye jumba la makumbusho ya sanaa za kale, mtaa wa Madirisha ya Kijani, Rua das Janelas Verdes. Wenzangu walitaka kulala. Niliwaburuza. Chini ya jumba hilo inapita barabara iitwayo 24 de Julho, na mwili ulinisisimka kidogo, maana tarehe 24 Julai 1505 ndiyo siku Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, alipowashusha askari wake Kilwa. Nikaja kujua kwamba jina hilo ni la vita vyao wenyewe vya mwaka 1833. Hawatuwazi sisi hata kidogo.

Imo ndani ya kioo, peke yake. Wanaiita Monstransi ya Belém, chombo cha kanisa cha kuonyeshea mkate mtakatifu. Urefu sentimita 73, dhahabu na rangi za kuchoma, iliyofanyizwa mwaka 1506 na sonara Gil Vicente. Mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, wadogo kama vidole, na kila mmoja ana uso wake. Juu yao minara myembamba kama miiba ya samaki. Nilizunguka mara tatu. Sitaki kukudanganya, Mjomba: ni kitu kizuri kupita kiasi, na nilikasirika kwamba ni kizuri.

Kisha nikachuchumaa nikatazama kitako. Kimezungushiwa maandishi, na ndani ya maandishi hayo limo jina la Kilwa. Inaelezwa wazi, kwa herufi za rangi, kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanyizwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Hawakuficha chochote, walijivunia. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia bandarini kwetu na mizinga, akamtishia Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kwamba atauchoma mji, na Amiri akakubali kulipa kila mwaka dhahabu ya mithkali 1,500, kipimo cha uzito cha zamani. Kodi ile ya kwanza ndiyo iliyofanyizwa chombo hiki.

Nikasema kwa sauti, "Hii ni yetu." Mkongo alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu ya usingizi. Akauliza, "Yenu? Kilwa kuna mgodi?" Nikanyamaza. Unajua mwenyewe kwamba hakuna. Dhahabu ilichimbwa bara, huko Zimbabwe, ikashuka Sofala, na Kilwa ikawa inatoza ushuru na kuuza. Kwa Mkongo, mtu wa nchi ambako kila mwenye bandari anasema madini ni yake, hilo halikuhitaji maelezo. Tulibishana mpaka mlinzi akatukoholea. Bado nasema ni yetu, ila sasa nasema kwa sauti ya chini.

Jioni tulipanda hadi kanisa la Carmo. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha paa lake, na hawakuliezeka tena. Nguzo zimesimama, matao yamevuka juu, na juu ya matao ni mbingu tupu, njiwa wanapita. Nilikaa chini na begi langu. Kama si ubaridi wa jiwe ningeapa niko Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, upande ule usio na kuba, saa ile unapowaacha wageni wapige picha na wewe unakaa kivulini kuvuta pumzi.

Sasa ombi langu. Ziara yako huwa unaimalizia pale Gerezani kwa kusema, "Wakachukua dhahabu, wakaenda zao," wageni wanacheka, mnashuka kwenye boti. Usiishie hapo tena. Waambie ilipokwenda: mji, mtaa, urefu wake, mitume 12, na jina letu kwenye kitako. Na akitokea Mreno kwenye kundi, muulize kama amewahi kuiona. Mimi niliwauliza Wareno wawili pale hosteli, hakuna aliyekuwa ameingia jumba hilo tangu alipopelekwa na shule.

Picha nimezituma kwa simu ya binamu, maana hiyo yako ni ya tochi. Aikuze ile ya nne, upande wa chini kushoto. Mmombasa anakusalimu. Mkongo anauliza kama akija utamvusha bure, nami nimemwambia ushuru wa Kilwa haujafutwa.