Mwaka wa tatu bila mkutano mkuu

Mhariri,

Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya binafsi hapa Moshi; jina nalihifadhi. Ada nalipa kila Januari na stakabadhi ninazo. Kinachonikera ni kwamba huu ni mwaka wa tatu hatujaitiwa mkutano mkuu, ingawa katiba yetu inataka uitishwe kila mwaka.

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya ubao wa matangazo. Tangazo la nyama choma lipo, jipya kabisa. Hesabu zilizobandikwa ni za 2021, karatasi imegeuka njano na pini imeshika kutu. Nikamuuliza mhazini, akanijibu: "Mzee, kunywa chai yako, mambo yanaenda." Yanaenda wapi? Kaunta kuna daftari la madeni, na majina ya juu humo ni ya wanakamati wenyewe.

Wanasema mambo ya klabu hayamhusu mtu wa nje. Sawa, lakini klabu yetu imesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na Msajili wa Jumuiya yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Na sisi tunaolipa ada, tangu lini tumekuwa watu wa nje?

Siwaiti wezi. Naomba tarehe ya mkutano, hesabu zikaguliwe na mtu asiye mwanakamati, na orodha ya wanachama hai ibandikwe kabla ya kura. Uchaguzi uliopita walipiga kura watu ambao hata mlinzi wa getini hakuwajua.

Mwanachama mlipa ada,
Moshi