Redio ya Babu irudi

Sunderland,
8 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Hela nimetuma jana usiku, laki nne, kwenye simu yako wewe, siyo ya Baba Mdogo. Ni za saruji, mchanga na kibao cha jina. Hayo marumaru anayoyataka achangie mwenyewe. Babu kaishi miaka yote kwenye sakafu ya saruji akaridhika, leo kaburi lake lipigwe marumaru ili nani alione? Abiria wa treni?

Lakini si hilo lililonikalisha kuandika. Nasikia redio imeshaondoka, tena imekwenda kwa mkwe wa Baba Mdogo, yule yule aliyekuja hitimani na kofia ya kijani! Nilipouliza, nikajibiwa mtoto wa kike harithi redio.

Sawa. Mwulizeni basi, siku za mechi nani alikuwa anakaa na mzee barazani? Wao walikuwa mtoni. Mimi ndiye niliyeshika ule waya wa antena, nikisogea kidogo nakemewa kama nimekosa penalti. Mimi ndiye niliyelishwa habari za Mufulira: mwaka 1979 Mufulira Wanderers wamekuja Dar wametufunga nne bila, watu wanasema hata nauli ya kwenda Zambia ni hasara, Simba wakaenda Lusaka wakapiga tano bila. Kwa Babu hiyo ilikuwa dawa ya kila kitu. Nilipofeli kidato cha nne, "Mufulira." Viza iliponyimwa, "Mufulira." Hata yule mbuzi alipopotea, unakumbuka, "Mufulira," na kweli akarudi, tena ana mimba.

Ya Stella ya 1993, fainali ya Kombe la CAF, ndiyo hakupenda kuisema. Abidjan tulitoka suluhu, akapanda treni mwenyewe mpaka Dar kulipokea kombe. Tukalala mbili bila, Rais Mwinyi yuko jukwaani. Bibi anasema aliporudi Kilosa aliomba maji ya kuoga, akapitiliza kulala.

Sasa sikia huku. Unajua Babu mpaka anakufa Simba aliiita Sunderland, jina lililoachwa tangu 1971. Nilipopata kazi hapa akatangaza mtaa mzima kwamba mjukuu wake amesajiliwa. Nikampigia simu kutoka nje ya uwanja wao, Stadium of Light, anachouliza ni kama jezi bado nyekundu na nyeupe. Nikamwambia ndiyo, ila ya mistari. "Hapo sawa." Uwanja wa zamani, Roker Park, waliubomoa wakajenga nyumba, na vichochoro wakavipa majina ya mpira. Kuna mmoja unaitwa Midfield Drive. Nimeutembea wote kwa miguu kwa ajili yake, majirani wakinichungulia dirishani.

Jumamosi ya 24 Mei Sunderland wakawafunga Sheffield United mbili moja pale Wembley, bao la ushindi dakika ya 95, wakarudi Ligi Kuu baada ya miaka minane. Tuliangalia kazini na wazee tunaowatunza. Mmoja alikuwepo Wembley 1973 walipochukua Kombe la FA. Kwa furaha alikunywa chai yake, akanywa na yangu. (Siku hizi zamu ya usiku naisimamia mimi, na leseni ya gari nimepata. Mwambie na hilo Baba Mdogo.)

Kesho yake, Simba uwanja wa Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tulishafungwa mbili kule Berkane, nikawa najisemea Mufulira, Mufulira, peke yangu chumbani na jezi. Mutale alipofunga mapema niliruka mpaka wa chini wakagonga dari. Basi tena. Kadi nyekundu, wakasawazisha, kombe likaenda Morocco. Machi mlipomzika Babu nilikuwa zamu, mambo ya ruhusa mnayajua, na sikutoa hata chozi. Siku ya Berkane nililia mpaka kazini wakauliza macho yana nini. Nikasema mafua. Ningewaeleza nini? Mzee kaondoka mwezi mtukufu, anaidai dabi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 Machi iliyoahirishwa, halafu anapitwa na fainali ya kwanza tangu ile ya Stella.

Shangazi, wewe ndiye mkubwa wao, ukisema wanakaa. Redio irudi kabla Bibi hajatoka eda. Irudi na ule waya wake. Mkwe nitamtumia hela anunue yake, hata ya spika kubwa, awasikilize Yanga, Wananchi wake, mpaka kuche; sitaki ionekane nimemnyang'anya. Ila ile siyo yake. Na asiniambie haishiki stesheni, inashika, ni yeye hajui kuishika.

Bibi apakwe yale mafuta ya miguu niliyomtumia, asiyafungie kabatini kusubiri wageni. Ada ya mdogo wangu nitaituma mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, na yeye umwambie aache kunipigia usiku wa manane kuniuliza Sunderland wamemsajili nani.

Ni mimi mwanao,
wa Sunderland.